Mdudu Aliyengoja Jina

Chukua rula yako, msomaji, uitazame ile nafasi ndogo iliyo kati ya mstari mmoja na wa pili. Hiyo ni milimita moja. Sasa fikiri juu ya mdudu aliye kamili, mwenye kichwa, kifua, tumbo, miguu sita na vipapasio viwili, ambaye mwili wake wote waweza kulala ndani ya nafasi hiyo na mahali pakabaki. Mdudu huyo yuko. Alichukuliwa katika udongo wa Nairobi kati ya mwaka 1964 na 1965, akapelekwa Uingereza, na hakupewa jina hata ulipofika mwaka 2019. Urefu wake ni milimita 0.79.

Pengine utauliza, "Habari za mdudu zina uhusiano gani na historia?" Ni haki yako kuuliza. Tumezoea kuita historia habari za wafalme, vita, mikataba na siku za uhuru. Lakini historia ni elimu ya kujua jambo lilitokeaje, nani alilitenda, ushahidi wake ni nini, na ushahidi huo umehifadhiwa wapi. Kila jina la mnyama katika vitabu vya elimu lina historia ya namna hiyo. Lina mwaka wake, lina mtu aliyelitoa, na lina shahidi wake anayekaa ndani ya sanduku la makumbusho. Katika insha hii nataka uone kazi iliyofichika nyuma ya maneno mawili ya Kilatini, na kwa nini kazi hiyo inatuhusu sisi tunaoishi chini ya milima ya Kenya.

Mdudu tunayemsema ni wa jamii ya mbawakawa. Usimdhanie kuwa ni mende wa jikoni. Mbawakawa ni wadudu ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magumu mithili ya kifuniko, na chini ya kifuniko hicho mabawa ya kurukia hukunjwa na kulindwa. Jamaa zake unawajua tangu utotoni. Fukusi atoboaye mahindi ghalani ni mmoja wao. Kimulimuli, ingawa mwili wake ni laini, ni mmoja wao. Kifaurongo, ambaye ukimgusa hujilaza kama maiti, ni mmoja wao. Na yule abingirishaye donge la samadi malishoni pia. Aina za mbawakawa zilizokwisha kupewa majina ya kitaalamu zakaribia 400,000, hata katika kila aina nne za wanyama zijulikanazo, moja hivi ni mbawakawa. Hakuna jamii nyingine ya viumbe wenye uhai iliyojaza dunia kwa namna nyingi hivyo.

Majina hayo yalianzaje? Kila taifa lina majina yake. Mswahili humwita mnyama simba, Mjaluo humwita sibuor, Mwarabu humwita asad. Majina hayo ni mazuri, na kila moja hutosha kwao. Lakini wataalamu wa nchi mbalimbali walipotaka kuandikiana walishindwa kuelewana. Ndipo Mswidi mmoja, Carl Linnaeus, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufa mwaka 1778, alipoeneza desturi ya kumpa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini: la kwanza ni la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Hivyo simba huitwa Panthera leo. Toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, lililochapwa mwaka 1758, ndilo lililokubaliwa na mataifa kuwa mwanzo wa majina yote ya wanyama.

Desturi hiyo ina sheria, na sheria zake ni kali. Anayedai ya kuwa amegundua aina mpya hana budi kuieleza kwa maandishi katika kitabu au jarida ambalo wengine wanaweza kulisoma. Hana budi kuonyesha inavyotofautiana na jamaa zake. Hana budi pia kuchagua kielelezo kimoja, yaani mdudu mmoja mahsusi, awe shahidi wa jina hilo siku zote. Akitokea mtu miaka mia baadaye akitilia shaka maneno yake, ataweza kwenda kumtazama mdudu yule yule. Na jina likitolewa kihalali kwanza, ndilo lisimamalo. Hawezi mwingine kulifuta kwa sababu halipendi au kwa sababu yeye ni mkubwa zaidi kwa cheo.

Sasa twende milimani. Katika mwaka 1911 na 1912, Wafaransa wawili walisafiri katika Afrika Mashariki. Mmoja alikuwa Charles Alluaud, aliyezaliwa mwaka 1861, na wa pili René Jeannel, aliyezaliwa mwaka 1879. Walipanda Mlima Kenya na Kilimanjaro, na wakaingia hata katika mapango ya Shimoni, pwani yetu ya kusini, mahali ambapo jina lenyewe lasema habari zake. Wengi waliokuja zama hizo walitafuta pembe za ndovu na ngozi za simba. Hawa walipekua mawe, wakachambua kuvu na majani makavu yaliyolala chini ya lobelia kubwa, wakatafuta wadudu ambao mtu apitaye kwa haraka hawezi kuwaona. Jeannel alipenda hasa wadudu wadogo wa gizani, wa mapangoni na wa udongoni, ambao wengi wao hawana macho. Alirudi tena mwaka 1932 na 1933 pamoja na wenzake Camille Arambourg na Pierre-Alfred Chappuis, wakafika Mlima Elgon, Turkana na bonde la mto Omo. Baadaye Jeannel akawa mkurugenzi wa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya Paris, akafa mwaka 1965.

Yafaa ukumbuke, msomaji, ya kuwa safari za namna hiyo hazikufanywa na watu wawili au watatu. Walikuwapo wachukuzi waliobeba mahema na masanduku, na waongozi waliojua njia, maji na mahali pa kulala. Aghalabu majina yao hayakuandikwa katika karatasi ndogo zilizofungwa pamoja na wadudu. Karatasi hizo zasema mlima, kimo, tarehe na jina la mgeni. Historia iliyoandikwa ni ya kweli, lakini si lazima iwe imekwisha. Na mwanafunzi mwema hujifunza kuuliza ni nani aliyebeba sanduku.

Wataalamu walipowapanga wadudu wa milimani juu ya meza, waliona jambo la ajabu. Wengi wao hawakuwa na mabawa ya kurukia, au walikuwa na vijibawa visivyofaa kitu. Tena, wadudu wa Mlima Kenya hawakuwa sawasawa na wale wa Elgon, wala wa Elgon na wale wa Kilimanjaro. Walifanana kama ndugu, lakini kila mlima ulikuwa na wake. Kwa nini?

Juu ya mabawa kuna maelezo mawili. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alitaja kisiwa cha Madeira, ambako katika aina 550 za mbawakawa zilizojulikana wakati huo, 200 hazikuweza kuruka. Alifikiri ya kuwa wale warukao huchukuliwa na upepo wakafia baharini, na wale wakaao chini hubaki wakazaa. Watu wengi wakalitumia wazo hilo juu ya vilele vya milima pia. Lakini mwaka 1943 Mmarekani Philip Darlington alilichunguza jambo hili upya, akaona ya kuwa upepo peke yake hautoshi kuwa sababu. Mabawa, alisema, yana gharama. Mdudu huyalipia kwa chakula na nguvu za mwili. Yanamfaa yule ambaye makao yake hukauka au kuharibika mara kwa mara, naye akalazimika kuhama. Lakini mahali padogo, pa baridi na unyevu usiokoma, kama msitu wa mlimani, mwenye mabawa hana faida kubwa kumshinda asiye nayo. Na vizazi vikipita mabawa hupotea. Angalia jinsi elimu inavyokwenda: maelezo ya mtu mkuu hayakuachwa yasimame kwa ukuu wake, yalipimwa tena kwa ushahidi.

Na kwa nini kila mlima una wadudu wake? Fikiri juu ya visiwa baharini. Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199, Elgon wenye mita 4,321 na Kilimanjaro wenye mita 5,895 ni visiwa vya baridi vilivyozungukwa na bahari ya nyika yenye joto. Mdudu asiye na mabawa, aliyezoea unyevu wa majani yaliyooza, hawezi kuivuka nyika hiyo kama vile wewe usivyoweza kwenda Unguja kwa miguu. Lakini hali haikuwa hivi siku zote. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi zaidi, na barafu ya Mlima Kenya ilishuka chini sana kuliko leo. Baridi na joto zikipokezana kwa muda mrefu, misitu na mimea ya milimani hupanda na kushuka, husogeleana na kutengana. Viumbe waliotenganishwa hivyo hubadilika kidogo kidogo, kila kundi kwa njia yake.

Jeannel alikwenda mbali zaidi. Mwaka ule ule wa 1912, alipokuwa akitembea katika milima yetu, Mjerumani Alfred Wegener alitangaza ya kuwa mabara yaliwahi kuwa bara moja, kisha yakaachana. Wengi walimcheka. Jeannel hakumcheka, aliona ya kuwa wadudu wasioweza kuruka wala kuogelea, walio na jamaa zao katika mabara yaliyo mbalimbali, ni mashahidi wazuri wa jambo hilo, akaliandika katika kitabu chake cha mwaka 1942. Ilipofika miaka ya 1960, uchunguzi wa sakafu za bahari uliwafanya wataalamu walio wengi wakubali ya kuwa mabara yamesogea. Basi waona, msomaji: mdudu asiye na mabawa aweza kuwa hati ya historia ya nchi, iliyoandikwa kabla hajatokea mtu wa kuisoma.

Tuje sasa kwa yule wa Nairobi. Mji huo si kilele cha mlima, lakini umekaa katika nyanda za juu, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwaka uliofuata ikawa jamhuri. Katika siku hizo ambazo taifa lilikuwa likijifunza kujitawala, Mwingereza mmoja, William Block, alikuwa akichukua udongo na majani yaliyoanguka ili ajue ni viumbe gani wakaao humo.

Mdudu wa ukubwa huo hakamatwi kwa mkono. Iko njia iliyovumbuliwa na Mwitalia Antonio Berlese mwaka 1905, na kutengenezwa vizuri zaidi na Mswidi Albert Tullgren mwaka 1918. Udongo huwekwa juu ya wavu ndani ya faneli, na taa huwashwa juu yake. Udongo huanza kukauka kutoka juu. Wadudu wapendao giza na unyevu hushuka chini wakikimbia joto, hata wakafika mwisho wa wavu, wakaanguka ndani ya chupa ya spiriti iliyowekwa chini ya faneli. Konzi chache za udongo wa msituni zaweza kutoa viumbe wengi kuliko watu wa darasa lako, na labda kuliko wa shule yako nzima.

Mkusanyo wa Block ulitolewa mwaka 1978 kwa Makumbusho ya Elimu ya Viumbe ya London. Hapo ulikaa. Usidhani ya kuwa ulisahauliwa kwa uzembe tu. Makumbusho makubwa yana wadudu kwa mamilioni, na wajuao mbawakawa wadogo kabisa ni wachache mno duniani. Jamii yao kwa Kilatini huitwa Ptiliidae, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya unyoya, kwa kuwa wale walio na mabawa wana mabawa yaliyo kama manyoya. Kwa kiumbe mdogo hivyo hewa si nyepesi kama tuionavyo sisi. Kwake ni nzito mithili ya uji, naye huiogelea kwa mabawa hayo. Katika jamii hiyo yumo mbawakawa mdogo kuliko wote wajulikanao, Scydosella musawasensis wa Amerika, aliyepewa jina mwaka 1999. Na mwaka 2015 alipimwa mmoja aliyepatikana Kolombia, akaonekana kuwa na milimita 0.325 tu.

Mtaalamu mmoja wa makumbusho hayo, Michael Darby, ndiye aliyempata mdudu wa Nairobi katika mikusanyo hiyo. Rangi yake ni manjano iliyofifia yenye dhahabu. Hana macho wala mabawa, maana gizani chini ya majani vitu hivyo havina kazi. Kati ya mahali ambapo macho yangalikuwa, kuna kijishimo kidogo kinachomtambulisha. Kazi ya mtaalamu katika hali hii ni kulinganisha: humtazama mdudu chini ya hadubini, akasoma kila kilichoandikwa juu ya jamaa zake, akapima kichwa, kifua na vipapasio, na aghalabu akafungua hata viungo vya uzazi, maana katika wadudu wadogo tofauti za hakika mara nyingi hufichika humo. Akiisha kuridhika ya kuwa hakuna aliyepata kumweleza, ndipo awezapo kusema, "Huyu ni mpya."

Mwaka 2019 Darby alichapa maelezo yake, akamwita mdudu Nelloptodes gretae. Jina la pili ni la heshima kwa Greta Thunberg, msichana wa Uswidi aliyezaliwa mwaka 2003, ambaye mwezi wa Agosti mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 15, alianza kuketi nje ya bunge la nchi yake akiwataka wakubwa waitunze hali ya hewa ya dunia. Vipapasio virefu vya mdudu vilionekana kufanana na nywele zake alizozisuka. Mwisho wa neno hilo, -ae, ni alama ya Kilatini ya kuonyesha ya kuwa aliyetukuzwa ni mwanamke. Angekuwa mwanamume, kwa kawaida lingeishia kwa -i.

Hapa najua utainua mkono. Utasema, "Mwalimu, mdudu ni wa Nairobi, lakini jina ni la Mswidi na kielelezo kiko London. Je, hii ni haki?" Swali lako ni zito, na sitalikwepa. Ni kweli ya kuwa mengi yaliyotoka katika udongo wetu yamehifadhiwa mbali, na Mkenya atakaye kuyachunguza mara nyingi hulazimika kuomba ruhusa na nauli. Hilo si jambo dogo. Lakini lipime kwa pande zote mbili. Kama udongo ule usingalichukuliwa, au kama ungalitupwa katika miaka hiyo hamsini na zaidi ya kungoja, tusingalikuwa na mdudu wala jina. Na sheria ya majina, kama nilivyokueleza, haiulizi rangi wala taifa. Humpa haki yule aliyefanya kazi kwanza na kuichapa. Mlango huo uko wazi kwa kijana wa Kericho au wa Taita kama ulivyo wazi kwa mzee wa London. Jibu la malalamiko yetu ni kuwa na wataalamu wetu wengi zaidi, wenye hadubini zao, mezani pao.

Wala hatuanzi mikono mitupu. Chama cha watu wapendao elimu ya viumbe kiliundwa hapa mwaka 1909, na mwaka uliofuata kikaanzisha makumbusho Nairobi. Mwaka 1930 ilifunguliwa nyumba iliyoitwa Coryndon, ambayo baada ya uhuru ikawa Makumbusho ya Taifa. Ndani yake kuna mikusanyo ya wadudu iliyopangwa na kuandikwa, nayo yahitaji macho ya vijana.

Tena yahitaji upesi. Nyika ikipanda mlimani kwa sababu ya joto, mdudu wa kileleni hana mahali pengine pa kupanda. Na barafu ya Mlima Kenya, ambayo wageni wa mwaka 1912 waliiona pana, imepungua hata sehemu kubwa imekwisha. Msitu ukikatwa, jua huukausha udongo wake kama taa ya Berlese iukaushavyo ndani ya faneli, ila chini yake hakuna chupa ya kupokea ushahidi. Wangari Maathai alipousimamia msitu wa Karura katika mwaka 1998 na 1999, akapigwa na kujeruhiwa, watu walidhani ya kuwa anatetea miti tu. Alikuwa akiutetea pia udongo ulio chini ya miti, pamoja na wote wakaao humo, wenye majina na wasio na majina.

Basi nakuachia kazi, msomaji. Kata chupa ya plastiki sehemu ya juu, uigeuze iwe faneli. Weka wavu, na juu yake konzi mbili za majani yaliyooza kutoka chini ya mti wowote ulio karibu na shule. Weka kikombe cha spiriti chini na taa juu, kisha ngoja siku mbili. Mwombe mwalimu wako wa biolojia hadubini. Utakapowaona waliomo, usikimbilie kuwapa majina. Chukua kwanza kipande cha karatasi, andika kwa wino usiofutika mahali, kimo, tarehe, aina ya mti, na jina la kila mmoja aliyekusaidia kuchimba.